Kuhesabu Chapati za Mama

"Mum, hiyo ni ya nne."

Ndivyo nilivyosema. Ilikuwa Jumapili mchana, mwezi wa Februari, nyumbani kwetu Kayole. Tulikuwa watu sita kwenye meza ya watu wanne, kuku ameshaliwa nusu, chapati zimefunikwa kwa kitambaa zisipoe. Sikusema kwa ukali. Nilisema kwa ile sauti ya utani ambayo mtu huitumia akitaka kusema jambo halafu asishikwe nalo. Mama alikuwa ameshaikunja chapati yake mara mbili. Akaikunjua, akairudisha chini ya kitambaa, akapangusa vidole kwa leso yake polepole, kimoja kimoja.

"Kwani nimekosa nini?" akauliza.

Hakuna aliyemjibu. Shemeji yangu aliongeza sauti ya televisheni. Mama akainuka akaenda jikoni, tukamsikia akiosha sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa.

Mama yangu hupika chapati kwa riziki. Ana kibanda karibu na stage, miaka kumi na saba sasa: chapati, ndengu, maharagwe, chai ya rangi na ya maziwa. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye hicho kikaango. Kwa hiyo yule aliyekuwa akimhesabia chapati alikuwa amejengwa kwa chapati, na hilo nililijua hata kabla sijamaliza sentensi. Lakini nilikuwa na sababu zangu. Presha yake iko juu. Sukari imeanza kupanda, haijafika kiwango cha ugonjwa lakini iko njiani. Magoti yanamsumbua. Uzito wake ni kilo 94 na urefu wake ni mita 1.58, na ukigawanya inavyotakiwa unapata 37 na ushee, wakati kuanzia 30 madaktari wanauita unene wa kupindukia. Nampenda na sitaki afe. Je, hiyo si sababu ya kutosha?

Tangu siku hiyo swali lake limeniganda. Kiswahili ni lugha ya ajabu, neno moja linabeba mizigo miwili. Kukosa ni kufanya kosa. Kukosa pia ni kutokuwa na kitu. "Nimekosa nini?" inaweza kuwa: nimetenda dhambi gani? Na inaweza kuwa: nimepungukiwa na nini? Mimi niliisikia ya kwanza tu, na ilinichukua miezi kusikia ya pili.

Wiki moja baada ya Jumapili ile nilikuwa natafuta kitambulisho chake kwenye mkoba nikakuta kadi ya kliniki. Tarehe ya kurudi ilikuwa Julai. Hakuwa amerudi. Miezi saba. Dawa za presha zilikuwa zimeisha, na pakiti tupu bado ilikuwa mle ndani, imekunjwa vizuri kama stakabadhi. Nilimpeleka kwenye duka la dawa hapo mtaani wakampima: 172 kwa 104. Mwenye duka akaniangalia mimi, si yeye.

Kwa nini hakurudi? Alinieleza usiku, taa imezimwa, maana kuna mambo mama hukwambia gizani tu. Mizani ya kliniki ilikuwa kwenye korido, mbele ya benchi la wagonjwa. Alipopanda, muuguzi alisoma namba kwa sauti ili mwenzake aandike. Tisini na nne. Halafu akaongeza: "Mama, hii mwili yote unaipeleka wapi? Punguza kula." Watu wakacheka. Si kicheko kibaya, mama alisema, kicheko cha kawaida tu cha watu waliokaa sana kwenye foleni. Lakini mmoja wa waliocheka alikuwa mteja wake wa kila asubuhi, anakunywa chai na chapati mbili kabla ya kupanda matatu.

"Nikaona afadhali nikae na presha yangu," akasema.

Simtaji muuguzi huyo kwa ubaya. Alikuwa na watu sitini wa kuwaona, na alilosema ni lile lile nililosema mimi, ila yeye alikuwa kazini na mimi nilikuwa mezani. Wote wawili tulidhani tunampa mama habari. Kwani kuna mtu mnene asiyejua kwamba ni mnene? Kiti cha matatu kinamwambia. Kondakta anamwambia. Nguo za mitumba zinamwambia, mlima mzima wa nguo na yake haimo. Tulichompa kilikuwa hukumu, tena hukumu iliyomfukuza mahali pekee palipokuwa na dawa.

Kabla sijaendelea, niseme kidogo kuhusu maneno, kwa sababu hapa kwetu mwili wa mtu ni mali ya umma. Ukionekana baada ya mwaka, kabla hujaulizwa habari utaambiwa mwili wako umefanya nini. "Umeshika mwili" ni sifa ikisemwa na shangazi kwenye matanga: maana yake ndoa imekukubali, kazi imekukubali. Maneno yayo hayo yakisemwa na mwenzako wa ofisini kwenye lifti ni onyo. Kitambi cha mwanamume mwenye suti ni kitambi cha pesa. Cha dada yake ni uvivu. Nilipotoka shule ya bweni kidato cha pili nimekonda, mama alilia pale pale getini.

Nilidhani kilio kile ni cha mama tu. Lakini kuna mjomba.

Mjomba, mdogo wake mama, alikufa Agosti 1999. Miezi mitatu baadaye Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa, lakini nyumbani kwetu janga lilikuwa limeshapita na kuacha kaburi. Tangazo la kifo redioni lilisema aliugua kwa muda mfupi. Aliugua miaka miwili. Majirani zetu Waganda walikuwa wameupa ugonjwa ule jina la Slim, kwa sababu ya ulivyomla mtu nyama akabaki ngozi. Mama ndiye aliyemwogesha mjomba siku za mwisho, na anasema alimbeba mikononi peke yake, mwanamume wa miaka thelathini na mmoja, mwepesi kama mtoto wa darasa la pili.

Sasa mwambie mwanamke huyo kwamba kupungua ni afya. Kwa watu wa rika lake, kukonda kulikuwa ndiko kuulizwa maswali, kukwepwa, kutengewa kikombe. Mwili mnene ulikuwa cheti kwamba huna. Kila kilo aliyoiongeza baada ya 1999 ilikuwa akiba, ukuta kati yake na kitanda kile. Namwelewa. Lakini shinikizo la damu halina habari na historia yetu.

Basi, je, unene ni kosa?

Nilisoma falsafa kidogo chuo kikuu, ya kutosha kunifanya niwe msumbufu. Aristotle alitofautisha watu wawili ambao kwa nje wanafanana. Kuna anayefuata anasa kwa kuamua, anaona ni sawa kabisa, hajuti. Na kuna anayejua lililo bora, analitaka, halafu anashindwa kulitenda. Huyo wa pili ndiye niliyemwona kwa mama: anajua, anashindwa. Na anayeshindwa, nikafikiri, anahitaji msukumo. Mtu wa kumhesabia.

Tatizo la fikra hiyo ni kwamba inachukulia sote tunapambana na mpinzani mmoja. Kwamba njaa yangu na njaa yako zina uzito sawa, kwa hiyo mimi niliyeacha chapati ya nne nina nidhamu, na wewe uliyeila huna. Wahenga wetu walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Nimekuja kuamini kwamba methali hiyo inafika mbali kuliko sahani.

Mwaka wa 1994 watafiti walioongozwa na Jeffrey Friedman huko New York waligundua homoni waliyoiita leptini. Inatengenezwa na mafuta ya mwili yenyewe, na kazi yake ni kupeleka habari kwenye ubongo: akiba ipo, tulia. Miaka mitatu baadaye, Uingereza, madaktari wa Cambridge walieleza habari za watoto wawili, binamu, wa familia yenye asili ya Pakistani. Msichana alikuwa na miaka minane na uzito wa kilo 86. Walikuwa na hitilafu ya jeni, miili yao haitengenezi leptini ya maana. Ubongo wao ulikuwa unapokea habari moja usiku na mchana: ghala ni tupu, tafuta chakula. Walipoanza kudungwa sindano za leptini, hamu ile ya kula ikatulia, uzito ukashuka.

Hitilafu hiyo ni nadra sana duniani, na mama hana. Simleti yule msichana kama mfano wa kila mtu mnene. Namleta kwa sababu ya mama yake. Fikiria alivyotazamwa sokoni kabla ya 1997, na mtoto wa kilo 86. Fikiria ushauri aliopewa. Kila mtu aliyemshauri alikuwa na uhakika, na kila mtu alikuwa akimlaumu kwa jambo lililokuwa ndani ya chembe za damu ya mwanawe tangu kutungwa mimba. Sindano ndogo ilibadilisha kile ambacho majirani wangekiita ulafi. Kama ulafi unaweza kutibiwa kwa sindano, basi ulikuwa ulafi kweli?

Shemeji yangu, yule wa televisheni, ananipinga hapa. Yeye huenda gym, alipunguza kilo kumi na nne, na hakuna mhubiri kama mtu aliyepungua. "Hiyo ni jeni ya watoto wawili," anasema. "Sisi wengine ni nidhamu."

Kuhusu nidhamu nina kisa kingine, nacho ndicho kilichonivunja nguvu zaidi. Mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys alitaka kujua jinsi ya kuwarudishia afya watu waliokuwa wakifa njaa Ulaya. Akapata vijana 36 wa kujitolea. Hawakuwa vijana wa kuokoteza. Walikuwa wamekataa kushika bunduki kwa sababu ya dhamiri, katika nchi iliyokuwa vitani, wakastahimili kuitwa waoga. Ukitafuta wanaume wenye nidhamu, anzia hapo. Kwa wiki 24 walipewa chakula kilichopunguzwa, viazi na mkate na tambi, huku wakitakiwa kutembea kilomita 35 kwa wiki.

Watu hao walianza kuota chakula. Walilamba sahani. Walikusanya vitabu vya mapishi wakavisoma kama riwaya, vijana ambao hawakuwahi kujali mapishi maishani mwao. Baadhi walikula kwa kuiba, ikabidi ipangwe kwamba mtu hatoki bila mwenzake wa kumchunga. Na waliporuhusiwa kula tena, wengi walikula kupita kiasi na hawakusikia kushiba, na mafuta mwilini mwao yakazidi yale ya mwanzo.

Niliposoma habari hizo niliwaza mlo maarufu wa mwezi wa Januari pale ofisini. Supu ya kabichi, siku kumi. Dhamiri iliyoweza kuikatalia serikali haikuweza kuukatalia mwili unaodhani kuna ukame. Mwili haujui kwamba umeamua kupendeza kwenye harusi ya Aprili. Unajua tu kwamba chakula kimepungua, nao una ujuzi wa miaka elfu nyingi wa kukabiliana na hilo: unazidisha hamu, unapunguza matumizi, unasubiri. Kisha kilo zinarudi, na watu wanasema alishindwa.

Keys huyo huyo, kwa njia, ndiye aliyeipa ile hesabu yangu ya 37 jina lake la BMI, mwaka wa 1972. Kanuni yenyewe ni ya zamani zaidi, ya karne ya kumi na tisa, ya Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, aliyekuwa mwanaastronomia na mtu wa takwimu, si daktari. Alikuwa akimtafuta mtu wa wastani katika makundi ya watu. Hakuwa akimtafuta mama yangu. Namba ina kazi yake, inaonyesha mwelekeo, lakini haitofautishi msuli na mafuta, wala haisemi mafuta yamekaa wapi, kiunoni au kwenye nyonga, na tofauti hiyo kwa moyo ni kubwa. Naiamini kama ninavyoamini saa ya matatu.

Lakini sasa ngoja. Nikiishia hapo nitakuwa nimeigeuza jeni kuwa mungu, na kumwambia mama kwamba hakuna la kufanya. Hiyo nayo si kweli. Mwaka wa 1986 watafiti waliangalia watu 540 wa Denmark walioasiliwa wakiwa wadogo, wakakuta unene wao unafanana na wa wazazi waliowazaa, si wa waliowalea. Sawa, urithi una nguvu. Hata hivyo jeni za Wakenya hazikubadilika kati ya 2008 na 2014, ilhali katika miaka hiyo sita wanawake wa umri wa kuzaa wenye uzito uliozidi walipanda kutoka karibu robo hadi theluthi nzima kwa mujibu wa uchunguzi wa kitaifa wa afya. Nidhamu ya theluthi ya wanawake wa nchi haiwezi kuporomoka kwa pamoja kama paa. Kitu kingine kilibadilika, na hapo ndipo nilipoanza kusikia maana ya pili ya swali la mama. Nimekosa nini.

Amekosa usingizi, kwanza. Anaamka saa tisa na nusu usiku kukanda unga, analala saa tano. Miaka kumi na saba. Usingizi ukiwa mfupi homoni za njaa hupanda, hilo linajulikana, lakini kwenye korido ile hakuna aliyemuuliza analala saa ngapi. Amekosa mahali pa kutembea: barabara yetu haina njia ya miguu, ina mtaro upande mmoja na bodaboda pande zote, na baada ya saa moja jioni mwanamke mwenye akili hatembei na simu. Amekosa mlo wa mchana. Anauza chakula kuanzia saa kumi na moja asubuhi hadi saa tisa mchana na hali chochote isipokuwa chai yenye vijiko vitatu vya sukari, kwa sababu ukikaa kula mteja anakwenda kwa jirani. Jioni anakula vya siku nzima, vilivyobaki, na vilivyobaki ni chapati. Zilizopikwa kwa mafuta ya kupima, kwa sababu ndiyo yanayoacha faida ya shilingi tatu kwa kila chapati. Ukitupa chapati tano umetupa nauli.

Chapati ya nne niliyomhesabia, basi, ilikuwa chakula cha mchana.

Kuna marafiki zangu ambao kufikia hapa huniambia: muache tu. Mwili ni wake, uamuzi ni wake, kumwambia mtu apungue ni udhalimu. Wengi wao ni wasichana wazuri, wasomi, na wanachosema kina ukweli mwingi kuhusu namna wanawake wanavyoteswa na kioo. Lakini siwezi kuwafuata hadi mwisho. Katika plot yetu mama mmoja alipata kiharusi akiwa na miaka hamsini na mbili. Sasa anakaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, mkono mmoja umelala mapajani kama si wake. Presha haina heshima ya uhuru wa mtu. Na nyamaza-nyamaza naijua. Mjomba alikufa ndani ya nyumba iliyojaa adabu, hakuna aliyetaja ugonjwa kwa jina, tukaita unyamavu huo kumstahi. Tulimstahi hadi kaburini.

Kwa hiyo kusema ni lazima. Shida yangu ilikuwa kwamba kila niliposema, nilikuwa nashtaki. Na kosa lilikuwa langu pia kwa namna nyingine, ambayo sipendi kuikiri: kumhesabia mama chapati kulikuwa rahisi. Hakukunigharimu senti. Kumtafutia mama saa moja ya kula mchana kungenigharimu mshahara wa msichana wa kumsaidia kibandani.

Utafiti ninaoupenda kuliko wote ulichapishwa Marekani mwaka wa 2002. Watu zaidi ya 3,000 waliokuwa pale pale alipo mama, sukari imepanda ila haijawa ugonjwa. Kundi moja lililenga kupunguza asilimia saba ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, na hatari ya kupata kisukari ikapungua kwa asilimia 58, kuliko hata waliopewa dawa. Shemeji alipousikia alipiga meza: "Si nilikwambia? Nidhamu!" Lakini soma walichofanyiwa. Kila mmoja alipewa mtu wa kumfuatilia, wakakutana ana kwa ana mara kumi na sita mwanzoni, wakapanga pamoja kitu kinachowezekana katika maisha ya huyo mtu. Hakuna aliyesomewa kilo zake kwenye korido. Na ona lengo lenyewe, asilimia saba. Kwa mama hiyo ni kilo sita na nusu. Angebaki mnene, bado angepigiwa mluzi na makondakta, bado BMI yake ingepita 30, na presha na sukari zingepoa. Afya haikuwa mahali pale mbali tulipokuwa tukimwonyesha.

Aristotle, kwa kweli, alikuwa amelisema hili nami nikalipita mbio. Kiasi cha kati, anasema, si kilekile kwa kila mtu. Ikiwa mina kumi za chakula ni nyingi mno na mbili ni kidogo mno, mwalimu wa wanamichezo haamuru sita. Sita ni kidogo kwa Milo, yule bingwa wa mieleka, na ni nyingi kwa anayeanza. Mwalimu anamtazama mtu aliye mbele yake.

Nilianza kwa kuomba msamaha, jambo ambalo katika familia yetu halina utaratibu. Nilinunua unga. Mama alinielewa. Halafu tukatafuta kliniki nyingine, mizani iko chumbani na mlango unafungwa, na daktari kijana akamuuliza swali ambalo sikuwahi kulifikiria: "Mama, siku yako iko aje?" Akaieleza kuanzia saa tisa na nusu usiku. Yule kijana aliandika ukurasa mzima.

Sasa kuna msichana kibandani, nusu yake nalipa mimi, nusu ndugu yangu. Shemeji analipa kwa maneno. Saa saba mama anakaa nyuma ya pazia anakula ndengu na sukuma na chapati moja, na hakuna anayemwita. Sukari kwenye chai imeshuka hadi kijiko kimoja baada ya vita vya wiki tatu. Jumamosi na Jumapili tunatembea hadi kwa dada yake, mwendo wa dakika arobaini, asubuhi, na magoti yakikataa tunapanda tuktuk bila hotuba. Dawa za presha anameza. Mara ya mwisho ilikuwa 138 kwa 86. Uzito, baada ya miezi kumi na moja, ni kilo 90. Wiki ya matanga ya shangazi ulirudi 92, ukashuka tena.

Kuna jambo moja sijalishinda. Macho yangu bado yanahesabu. Mdomo nimeufunga, lakini chapati ikitoka chini ya kitambaa kuna kitu ndani yangu kinasema moja, mbili. Nafikiri mama anajua. Jumapili iliyopita nilikuwa jikoni namsaidia kusukuma, yeye yuko kwenye kikaango, hatuzungumzi. Akanitazama kutoka miguuni hadi kichwani, vile anavyotazama nyanya sokoni.

"Na wewe pia," akasema, "umeshika mwili."

Nikamuuliza hiyo ni sifa ama ni lawama. Akacheka mpaka akashika meza, akaigeuza ile chapati, akaniambia nisukume nyingine, hiyo yangu si duara.